Betri, Kinu na Chumba cha Kujifungulia: Hotuba ya Kamati, Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni



Tumepewa dakika chache, nazo tutazitumia kuzungumza juu ya betri. Mwaka uliopita taa za chumba cha kujifungulia zilizimika mara kadhaa kabla ya alfajiri, wakunga wakamaliza kazi kwa tochi. Wengi wetu tulisema paneli ni chache. Tulipokaa na fundi kutazama mita tukaona jambo jingine: saa sita mchana betri zimejaa na jua linapotea bure, lakini saa moja jioni kila nyumba inawasha, na mashine za kusaga bado zinanguruma.

Umeme wa mchana hutoka kwenye paneli moja kwa moja. Wa usiku sharti upitie kwenye betri, na sehemu yake hupotea humo. Betri zetu ni za risasi na asidi. Zikizoeshwa kushuka chini ya nusu hufa mapema, na joto nalo huzila. Wenzetu wa kambi ya Azraq, Jordan, waliowashiwa umeme wa jua wa megawati 2 mwaka 2017, waliungwa na gridi ya taifa: jua likizidi, ziada huenda huko. Ziada yetu sisi haina pa kwenda tusipoipa kazi.

Ndiyo maana tulikubaliana kusaga na kuchomelea kufanyike kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Pampu vilevile. Maji yaliyopandishwa tangini mchana hutiririka usiku bila kuomba umeme. Tangi ni ghala kama betri, tena halichoki upesi. Friza za soda zigandishe barafu mchana, jioni zizimwe.

Wenye vinu walilalamika, wala hawakukosea. Mama anayepata mgawo wake jioni anataka unga wa usiku uleule. Tumeomba mgawo uanze mapema asubuhi. Jibu tunalingoja, na wahusika wamekaa hapa mbele, karibuni sana.

Tangu zamu hizi zianze, chumba cha kujifungulia hakijakaa gizani hata usiku mmoja. Lakini hiki ni kiangazi. Mawingu ya Novemba yakifika, tutapita tena nyumba kwa nyumba, safari hiyo kuhusu pasi.