Nguzo Zilizoinama



Leo hatukuja kunena habari za viti wala kura, bali za miti ya umeme isimamayo baina ya nyumba zetu na bahari. Itazameni mtokapo hapa. Juu mtauona mti mkavu, mzima. Chini, pale mchanga ukutanapo na hewa, ndipo uozapo, kwani hapo pana maji na pumzi pamoja. Na chumvi hutanda juu ya vikombe vya kaure. Ukungu wa alfajiri ukishuka umeme huvuja, tukasikia waya ukinguruma.

Zanzibar si mgeni wa umeme. Beit al-Ajaib, iliyojengwa 1883, ndilo jumba la kwanza kuwashwa taa zake. Disemba 2009 waya wa chini ya bahari utokao bara ulipoharibika, tulikaa gizani mpaka Machi 2010. Sisi wenye maduka tulimwaga maziwa, na wavuvi waliuza samaki kwa bei ya kutupa. Mwaka 2013 ukaja waya mpya wa megawati 100. Basi umeme wavuka bahari salama hadi Fumba, halafu kwetu wategemea nguzo iliyofungwa kamba ya nazi!

Tumekwisha kuandika mara mbili, tukaambiwa tusubiri. Twataka nguzo za mbele ya skuli zibadilishwe kabla ya masika, watoto wasipite chini yake.

Barua ya tatu ipo dukani. Atakaye kutia saini na aje baada ya Isha, kwa hati ya Kiarabu au ya Kizungu, zote twazipokea.