Maji Taka Yaliyosafishwa na Bustani Zetu



Mara nyingi tunaulizwa na ndugu walimao mboga kama yafaa kumwagilia bustani kwa maji taka yaliyosafishwa. Wengi hukusudia najisi tu. Kwa upande huo jibu limekwisha kutolewa: mwaka 1978 Baraza la Wanazuoni Wakuu la Saudi Arabia, baada ya kushauriana na wataalamu wa maji, liliamua kwamba maji hayo yakisafishwa hata isibaki athari ya najisi katika rangi, ladha wala harufu, ni tohara. Lakini wanazuoni hao waliangalia pia madhara ya kiafya, na hapo ndipo tunapotaka kukaa leo.

Macho, pua na ulimi hutambua najisi, bali havitambui yai la mnyoo. Maji yaweza kung'aa kama ya kisima huku yamebeba mayai ya minyoo ya tumbo, ambayo hukaa udongoni miezi mingi na hata klorini haiyaui kwa urahisi. Kinachoyaondoa ni utulivu. Maji yakituama siku nane hadi kumi katika mabwawa yanayofuatana, mayai huzama chini kwa uzito wake, na jua hupunguza vijidudu vya maradhi ya kuhara. Kwa mboga ziliwazo mbichi, mwaka 1989 Shirika la Afya Duniani liliweka kipimo kwamba yai lisizidi moja katika lita, na vijidudu vya kinyesi visizidi 1,000 katika mililita 100. Mwongozo wake wa mwaka 2006 ukaongeza jambo kubwa: usalama usitegemewe kwenye mtambo peke yake, bali viwekwe vizuizi kadhaa tangu bwawani hadi sahanini.

Tuchukue Mabogini, karibu na Moshi, ambako maji yatokayo kwenye mabwawa ya kusafishia maji taka ya mji hutumika kumwagilia mpunga. Mpunga hukobolewa, kisha mchele hupikwa. Mlaji amekingwa mara mbili. Aliye hatarini ni mkulima asimamaye matopeni miguu mitupu, pamoja na mtoto achezaye mferejini. Hao wanahitaji mabuti ya mpira, sabuni na dawa za minyoo. Lakini kwa majani ya saladi na nyanya za kachumbari hatari humfuata mlaji hadi mezani, maana hakuna chungu cha kumwokoa.

Basi mwenye bustani ya namna hiyo asinyunyize maji juu ya majani. Ayapitishe chini, kwenye mifereji kati ya matuta, au kwa matone kama anaweza gharama zake. Kisha aache kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna, kwani jua na ukavu huua vijidudu vingi. Tunajua kwamba mboga hunyauka upesi na mnunuzi hapendi majani yaliyolegea. Hata siku mbili zina faida. Na akishavuna asiioshe mboga katika mfereji ule ule! Hili tumeliona kwa macho yetu, tena likifanywa kwa nia njema, ili mboga ipendeze sokoni.

Maji ya viwanda ni jambo jingine kabisa. Mto kama Msimbazi wa Dar es Salaam hupokea maji ya makazi na ya viwanda pia. Madini mazito yakiingia ndani ya mmea, hayaondoki kwa kuosha wala kwa kupika. Maji hayo hayajasafishwa, na kwayo hatuna ushauri ila kuyaacha.

Sheria yetu ya biashara humtaka muuzaji aitaje aibu ya bidhaa yake. Kwa hiyo tunawaomba wakulima wa kila msikiti wachangiane, wapeleke maji yao kupimwa maabara, vijidudu na mayai ya minyoo pia, kisha majibu yasomwe mbele ya jamaa baada ya Sala ya Ijumaa, yawe mazuri au mabaya.