Programu Kwenye Prosesa ya Kigeni: Maktaba za Pamoja Zinavyosumbua Kuliko Maagizo

Mwezi Januari 2013 Safaricom ilianza kuuza nchini Kenya simu iitwayo Yolo, kwa shilingi 10,999. Kwa nje ilikuwa simu ya Android kama nyingine: kioo cha inchi 3.5, kamera ya megapikseli 5. Tofauti ilikuwa ndani. Wakati ule karibu simu zote za Android zilitumia prosesa za ARM, lakini Yolo ilibeba Intel Atom Z2420, ya ukoo uleule wa prosesa za kompyuta za mezani. Mnunuzi aliyepakua mchezo mara nyingi aliendesha, bila habari, kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya mashine ya aina nyingine kabisa.

Mada hii inaanza na Yolo kwa sababu simu hiyo inafunua jambo ambalo watengenezaji wengi wa programu hulipima kinyume. Kutafsiri maagizo ya prosesa moja yaeleweke na nyingine kunaonekana ndiko kwenye ugumu wote. Ni kazi ngumu, lakini majibu yake yanajulikana tangu miaka mingi. Kinachoangusha programu ugenini, mara nyingi zaidi, ni maktaba za pamoja inazozitegemea.

Programu nyingi za Android za siku zile ziliandikwa kwa Java na kugeuzwa kuwa msimbo wa kati, ambao mashine ya Dalvik iliusoma bila kujali prosesa iliyo chini yake. Hizo hazikupata taabu. Taabu ilikuwa kwa zile zilizobeba maktaba zilizokompailiwa moja kwa moja kwa ARM, yaani mafaili ya .so yanayokaa kwenye folda lib/armeabi-v7a ndani ya APK. Kwa ajili yake Intel iliandaa kitafsiri kiitwacho Houdini. Maktaba ya ARM ikiitwa, Houdini huyageuza maagizo yake kuwa ya Intel huku programu ikiendelea kukimbia. Kazi ilifanyika, kwa gharama ya kasi na chaji.

Hata hivyo palikuwa na mtego. Android inaposakinisha programu huchagua folda moja ya maktaba, ile inayolingana zaidi na prosesa. Tuseme mtengenezaji ana maktaba tano za ARM, kisha anaongeza ya sita ya kuonyesha matangazo, ambayo wenyewe wameitoa kwa ARM na kwa Intel pia. Papo hapo folda lib/x86 inazaliwa, ndani yake faili moja tu. Simu ya Intel inaiona, inaichagua, inayaacha yale mengine matano, na programu inaanguka mara inapoita la kwanza kati ya yaliyoachwa. Kama folda ile isingekuwapo kabisa, Houdini ingeyabeba yote sita na mtumiaji angecheza mchezo wake. Maktaba za Intel zilizo pungufu zilileta hasara kubwa kuliko kutokuwa nazo.

Intel ilijiondoa kwenye prosesa za simu mwaka 2016. Sasa safari imegeuka: ARM ndiyo inayoingia kwenye laptopu na seva, na programu za Intel ndizo zinazotafuta makazi mapya.

Kwenye Linux mambo yanaonekana waziwazi zaidi, kwa hiyo inafaa kulifungua faili la programu na kulitazama baiti kwa baiti. Nne za kwanza ni 7F 45 4C 46. Tatu za mwisho kati ya hizo ni herufi ELF. Mbele kidogo, baiti ya 19 na ya 20 hutaja prosesa: 3E 00 ni Intel na AMD za biti 64, B7 00 ni ARM ya biti 64. Keneli husoma alama hizo, na ikikuta si zake hukataa. Lakini ina mlango wa pembeni uitwao binfmt_misc, ambako msimamizi anaweza kusajili kanuni: faili likija na alama hizi, likabidhiwe kwa programu fulani. Mara nyingi anayekabidhiwa ni QEMU, iliyoanzishwa na Mfaransa Fabrice Bellard mwaka 2003. QEMU husoma kipande cha maagizo, hukitafsiri, na hukihifadhi ili kikirudiwa kisitafsiriwe upya. Programu ikiomba huduma ya keneli, ombi hupangwa upya na kupelekwa kwa keneli halisi ya mashine.

Hadi hapo kila kitu kinaonekana kimekamilika. Mtu anaendesha programu yake ya Intel kwenye Raspberry Pi, na anajibiwa kwamba faili halipo. Analitazama kwenye folda, lipo. Anabadilisha ruhusa, anarudia, jibu ni lilelile. Ujumbe huu umewapotezea watu saa nyingi, maana unazungumzia faili jingine, si programu yenyewe: kipakiaji cha maktaba. Programu ya Intel imeandikwa ndani yake kwamba kipakiaji chake ni /lib64/ld-linux-x86-64.so.2. Mashine ya ARM inacho cha kwake, /lib/ld-linux-aarch64.so.1. Kile cha kwanza kisipokuwapo, safari imekwisha kabla agizo la kwanza la programu yenyewe halijatafsiriwa.

Debian ililitibu tatizo hili kwa mpango wa Multiarch, uliokuja na toleo la 7 mwaka 2013. Badala ya maktaba zote kurundikwa kwenye /usr/lib, kila aina ya prosesa ilipewa folda yake: /usr/lib/x86_64-linux-gnu huku, /usr/lib/aarch64-linux-gnu kule. Amri ya dpkg --add-architecture amd64 huruhusu mashine ya ARM kusakinisha libc6:amd64, yaani maktaba ya msingi ya C kwa Intel, kando ya libc yake. Ni moja ya kazi nzuri zaidi zilizofanywa na Debian, na haisifiwi inavyostahili.

Matoleo nayo yana vita vyake, hata prosesa ikiwa ileile. Glibc, ndiyo libc hiyo ya Linux, katika toleo lake la 2.34 la mwaka 2021 iliingiza maktaba ya nyuzi ndani ya libc, na kitendakazi kinachoanzisha kila programu kikapewa namba mpya ya toleo. Programu iliyokompailiwa Ubuntu 22.04, yenye glibc 2.35, ikipelekwa Ubuntu 20.04, yenye 2.31, inagoma kwa kukosa GLIBC_2.34, hata kama kazi yake ni kuandika neno moja kwenye kioo. Anayetaka programu yake ifike mbali aikompaili kwenye mfumo wa zamani kuliko yote anayokusudia kuihudumia.

Mbali na kusakinisha maktaba za Intel kando, kuna njia nyingine, ya Box64. Hiyo hutafsiri programu ya Intel, lakini programu ikiita maktaba inayojulikana, mathalani ya michoro, mwito unapelekwa kwa maktaba ya ARM iliyomo kwenye mashine. Kazi nzito ikafanywa kwa kasi ya kwao. Ugumu uko mpakani. Kwenye Linux ya Intel biti 64, namba sita za kwanza kinazopewa kitendakazi hupita kwenye rejista sita maalumu. ARM hutumia nane, kwa mpangilio wake. Zaidi ya hapo, maktaba ya ARM ikipewa anwani ya kitendakazi ili ikiite baadaye, kama qsort inavyofanya, anwani ile inaelekea kwenye maagizo ya Intel, na lazima daraja lijengwe katikati. Kila kitendakazi kinahitaji maelezo yake.

Apple ilichukua njia ya gharama zaidi. Ilipotoa M1, prosesa yake ya ARM, mwaka 2020, kitafsiri chake Rosetta 2 kilitafsiri programu nyingi za Intel kabla hazijaanza, na prosesa yenyewe iliwekewa swichi ya kufuata mpangilio wa kumbukumbu wa Intel. Lakini uimara wa Rosetta 2 una sababu ya pili, isiyotajwa sana: macOS ilibeba maktaba zake za mfumo katika umbo la Intel pia, hivyo programu ilipofika ilikuta ukoo wake mzima. Gharama hiyo haidumu. Rosetta ya kwanza, ya mwaka 2006, iliondolewa mwaka 2011, na mwaka 2025 Apple ilitangaza kwamba Rosetta 2 itapatikana kwa ujumla hadi macOS 27.

Jambo hili liko mlangoni mwa kila mtengenezaji wa programu za simu. Tangu Agosti 2019 Google Play inadai maktaba za biti 64 pamoja na zile za 32. Tangu Novemba 2025 inadai pia kwamba programu mpya na masasisho yanayolenga Android 15 na kuendelea yafanye kazi kwenye kurasa za kumbukumbu za kilobaiti 16, badala ya 4 zilizozoeleka. Programu iliyoandikwa kwa Kotlin au Java tupu haiguswi. Inayobeba .so, ama ya kusoma kitambulisho, ama ya kuchapa risiti, inabidi ifunguliwe na kila faili likaguliwe. Lililokompailiwa nyumbani hurekebishwa kwa zana mpya za NDK. Lililonunuliwa kutoka kwa kampuni ambayo haitoi tena masasisho lina njia moja tu, kuandikiwa mbadala, na kazi hiyo ipangiwe fedha na watu mapema.