Kuulizwa Kabla ya Kujenga, Kuulizwa Kabla ya Kubomoa

(Hotuba kwa mkutano wa wanaharakati na waumini)



Huenda baadhi yenu mtashangaa tukianzia mbali, huko Marekani, kwa habari za vituo vya utafiti wa elimu ambavyo wengi wetu hatujapata kuviona. Tunaomba mtuvumilie. Vituo hivyo viliendeshwa kwa fedha za serikali, vikatungiwa sheria iliyoamuru wananchi waulizwe maoni, na mwishowe mikataba yake ikavunjwa kwa tangazo moja. Kisa hicho kina fundisho kwetu sisi Wakenya, tulioidai haki ya kuulizwa kwa miaka mingi: haki hiyo haijakamilika mpaka iwabane watawala wakati wa kubomoa kama inavyowabana wakati wa kujenga.

Kwanza tukumbushane maana ya kuulizwa. Miaka michache iliyopita tulihudhuria kikao cha kukusanya maoni juu ya elimu. Tangazo lilitoka gazetini Jumanne, na kikao kikafanyika Alhamisi. Waraka uliojadiliwa ulikuwa na kurasa zaidi ya mia moja, kwa Kiingereza, na nakala zilizoletwa ukumbini hazikufika kumi. Mama mmoja alisimama nyuma akasema kwamba watoto wa kijiji chao huvuka mto kwenda shuleni, na mvua ikinyesha hubaki nyumbani. Akauliza kama kuna mtu yeyote aliyewahi kuzihesabu siku hizo zinazopotea. Karani akaandika. Mama akapigiwa makofi, akatia sahihi katika daftari la mahudhurio, akarudi kwao. Ripoti ilipotoka tuliipekua ukurasa kwa ukurasa. Mto haukutajwa popote. Lakini mama yule alikuwa amehesabiwa miongoni mwa wananchi walioshirikishwa.

Ndugu zetu, swali la mama yule lilikuwa swali la utafiti. Ni siku ngapi zinazopotea, ni watoto gani wanaozipoteza, na ni dawa gani itakayofaa? Maswali ya namna hii ndiyo yaliyozaa vituo tunavyotaka kuvizungumzia.

Tarehe 11 Aprili 1965, Rais Lyndon Johnson alitia sahihi Sheria ya Elimu ya Msingi na Sekondari nje ya shule ndogo ya kijijini huko Texas alikosomea utotoni, na kando yake aliketi mwalimu wake wa kwanza. Shabaha kubwa ya sheria hiyo ilikuwa kupeleka fedha za serikali kuu kwa shule za watoto maskini. Hata hivyo, ilikuwa pia na sehemu iliyofungua njia ya kuanzisha maabara za elimu, kama ilivyopendekezwa mwaka 1964 na jopo lililoongozwa na John Gardner. Hizi hazikuwa maabara za chupa na kemikali. Zilikuwa vituo vya watafiti waliotakiwa kufanya kazi na walimu, kupima mbinu za kufundishia, na kueneza zile zilizothibitika kufaa. Mwaka 1966 zilianzishwa maabara 20. Baadaye zikawa 10, kila moja ikihudumia kundi la majimbo.

Kwa nini ziwe za kanda? Kwa sababu shida ya mtoto wa Guam au Palau, katika Bahari ya Pasifiki, si lazima iwe shida ya mtoto wa Mississippi, na mtaalamu aliyeketi Washington aghalabu haoni ile wala hii. Chukueni Mississippi yenyewe, mojawapo ya majimbo maskini kabisa nchini humo. Mwaka 2013 jimbo hilo lilipitisha sheria ya kusoma katika madarasa ya chini na kuanza kuwafunza walimu wake upya namna ya kufundisha kusoma. Maabara ya kanda ya kusini-mashariki ikafuatilia mafunzo hayo na kupima kama ujuzi wa walimu na ufundishaji wao darasani ulikuwa ukibadilika. Katika mtihani wa taifa wa kusoma wa darasa la nne, Mississippi ilikuwa ya 49 mwaka 2013. Mwaka 2024 ilikuwa ya 9. Hatudai kwamba kituo cha utafiti ndicho kilicholeta mafanikio hayo. Yaliletwa na walimu na watoto wenyewe, pamoja na viongozi walioshikilia mpango mmoja kwa miaka kumi. Kazi ya kituo ilikuwa kuwaambia wahusika kama njia wanayopita inawapeleka mahali. Kazi hiyo ni ndogo machoni pa watu, lakini asiye nayo hutembea gizani.

Tarehe 5 Novemba 2002, Rais George W. Bush alitia sahihi Sheria ya Mageuzi ya Sayansi za Elimu. Sheria hiyo ilisema maabara ziwe 10, na kila moja iwe na bodi inayowakilisha kwa usawa majimbo ya kanda yake. Zaidi ya hayo, iliagiza ziundwe kamati za ushauri za kanda, kila moja ikiwa na wajumbe wasiozidi 25. Kamati hizo zilipewa muda wa miezi sita kuchunguza mahitaji ya elimu ya kanda zao na kutafuta maoni ya walimu, wazazi na wakuu wa elimu kabla ya kupeleka ripoti serikalini. Zilikutana mwaka 2004 na 2005, kisha zikaundwa tena mwaka 2011 na 2016. Sisi tuliokulia katika nchi ambako baraza la chifu lilikuwa mahali pa kupewa amri, hatuwezi kuidharau sheria kama hiyo.

Sasa tazameni kilichotokea. Tarehe 13 Februari 2025, Wizara ya Elimu ya Marekani ilitangaza kuvunja mikataba ya maabara hizo yenye thamani ya dola milioni 336. Siku chache baadaye ikafuta ruzuku za dola milioni 226 za vituo vilivyosaidia majimbo na shule. Mwezi wa Machi ikatangaza kupunguza karibu nusu ya wafanyakazi wake. Wizara ilidai kwamba fedha zilikuwa zikifujwa na kwamba kazi ya vituo hivyo ilikuwa imejaa itikadi. Halafu, Septemba 2025, Taasisi ya Sayansi za Elimu, ambayo ndiyo iliyosimamia maabara hizo, ikatoa tangazo la kuwaomba wananchi maoni juu ya namna taasisi hiyo inavyofaa kuundwa upya. Ghala limekwisha kubomolewa, ndipo wanakijiji wanaulizwa wangependa ghala la namna gani!

Haki yatutaka tuwasikilize na waliobomoa. Serikali yoyote ina haki, na hata wajibu, wa kukomesha matumizi mabaya ya fedha za umma. Tena, kituo cha utafiti si kitu kitakatifu; kinaweza kuzembea, kikaandika ripoti zinazochelewa au zisizosomwa na mwalimu hata mmoja. Lakini ikiwa tuhuma ndiyo hiyo, nani angeijibu vyema kuliko wale waliohudumiwa? Mwalimu wa Mississippi au mzazi wa Guam angeweza kusema, "Kituo hiki kilitufaa," au akasema, "Hiki hatukijui." Vyovyote vile, serikali ingeamua ikiwa na ushahidi mbele yake.

Kwa macho ya mwanasheria, ufa ulikuwa ndani ya sheria yenyewe. Ilieleza kwa urefu jinsi ya kuuliza mahitaji kabla ya kupanga kazi, lakini haikuwapa wananchi wale wale haki iliyo wazi ya kusikilizwa kabla ya kazi kusimamishwa. Vituo viliishi kwa mikataba, na mikataba ya serikali huwa na kipengele cha kuivunja. Mwananchi alipewa nafasi ya kusema. Ufunguo wa nyumba ukabaki mfukoni mwa mtu mmoja. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tugeuke sasa tujitazame wenyewe. Sisi tumezoea kuulizwa juu ya elimu. Tangu Tume ya Ominde ya mwaka 1964 tumekuwa na Gachathi mwaka 1976, Mackay mwaka 1981, Kamunge mwaka 1988, Koech mwaka 1999, hadi jopo la Profesa Raphael Munavu lililoteuliwa mwaka 2022. Tume ya Koech ilipokea maoni ya wananchi na kupendekeza mfumo mpya wa elimu. Mapendekezo yake makubwa yakawekwa kando, na sababu iliyotolewa ikawa gharama. Waliotoa maoni hawakurudiwa wakaulizwa lipi lianze na lipi lingoje.

Lakini tangu mwaka 2010 tuna silaha ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Kifungu cha 10 cha Katiba kinautaja ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Kifungu cha 35 kinatupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Kifungu cha 47 kinatupa haki ya kutendewa kwa uadilifu na watendaji wake. Sheria ya mwaka 2015 iliyotungwa ili kukitekeleza kifungu hicho cha 47 inakwenda mbali zaidi. Sehemu yake ya 5 inasema kwamba hatua ya kiutawala inayoelekea kudhuru haki au maslahi ya umma ni lazima itangazwe kwanza, maoni yapokewe na kuzingatiwa, na mtendaji akiamua kuendelea, atoe sababu. Soma tena maneno hayo, ndugu yetu. Hayabagui kati ya kujenga na kubomoa. Mtendaji anayefunga kituo ambacho watoto wa watu wanakitegemea amebanwa sawasawa na anayekifungua.

Hatutaki kuwadanganya kwamba mambo yamekwisha. Tarehe 29 Oktoba 2024, katika kesi ya Sheria ya Fedha ya mwaka 2023, Mahakama ya Juu ilisema kwamba Katiba hailitaji wazi sharti la Bunge kutoa sababu za maandishi kwa kila pendekezo la mwananchi linalokubaliwa au kukataliwa. Uamuzi huo tunauheshimu. Lakini unatuonyesha mahali pa kuelekeza nguvu zetu: kama sharti la kujibu halimo wazi katika Katiba, basi na liandikwe wazi katika kila sheria inayounda chombo cha umma.

Kwa hiyo, tunapendekeza mambo manne.

La kwanza, msikubali kuulizwa juu ya waraka ambao hamjausoma. Daini nakala mapema, na muhtasari kwa lugha ambayo wanakijiji wanaielewa, kabla ya siku ya kikao.

La pili, andikeni. Neno la mdomoni huenda na upepo. Pelekeni maoni yenu kwa maandishi, na mbaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokewa, yenye tarehe.

La tatu, rudini kuuliza. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inamtaka ofisa wa umma atoe uamuzi juu ya ombi la habari katika muda usiozidi siku 21. Ombeni orodha ya maoni yaliyopokewa, yaliyokubaliwa na yaliyokataliwa. Hili halihitaji wakili. Barua ya ukurasa mmoja inatosha.

La nne, kila mswada utakapoletwa wa kuunda kituo cha utafiti wa elimu, kiwe cha taifa, cha kaunti au cha kanda, tudai kiwemo kifungu hiki: kituo hakitafungwa, hakitaunganishwa na kingine wala kuhamishwa, ila baada ya tangazo, maoni na sababu zilizochapishwa, na iwapo kitafungwa, matokeo ya kazi yake yabaki mikononi mwa umma. Utafiti uliolipiwa kwa kodi ya mama muuza mboga usifungiwe kabatini.

Nanyi wa makanisani, mnayo nguvu ambayo hata wizara haina. Mko kila kijiji, na mnajua ni mtoto wa nani hakufika shuleni wiki hii. Msingoje kituo kijengwe. Wekeni daftari. Andikeni siku ambazo mto ulifurika, idadi ya watoto waliobaki nyumbani, na madarasa waliyomo. Baada ya muhula mmoja mtakuwa na ushahidi ambao hakuna karani atakayeweza kuuacha nje ya ripoti bila kuulizwa kwa nini.

Mama yule hakuwa na daftari. Alikuwa na swali tu, nasi tuliokuwa ukumbini, wanasheria kwa wanaharakati, tulimpigia makofi, na hakuna hata mmoja wetu aliyerudi kudai jibu lake. Hilo ni deni letu pia, na tumekuja leo kulikiri mbele yenu. Kikao kingine kitakapoitishwa, tunaomba mwende pamoja naye, na baada ya siku 21 mwende tena.