Uliza, Pima, Ndipo Ujibu
Maneno ya wauguzi kwa vijana wetu wanaokwenda vyuo vikuu kusoma hisabati na sayansi. Hotuba iliyosomwa kwenye sherehe za Uhuru, Riyadh.

 

Tumeombwa sisi wauguzi tuzungumze na vijana kuhusu masomo ya hisabati na sayansi ya chuo kikuu. Huenda mtu akauliza, kwa nini wauguzi na si mainjinia? Ni kwa sababu sisi tunafanya hesabu kila zamu, hata saa tisa usiku, mtoto analia na mama yake anatutazama mikono. Shahada zetu tulizisomea ugenini, kwa lugha ambayo si ya mama zetu. Yale yaliyotusaidia kule ndiyo tunayowaletea leo.

Tuanze na hesabu ndogo. Mtoto wa kilo 12 ana homa. Daktari ameandika parasetamoli, miligramu 15 kwa kila kilo ya uzito. Kumi na mbili mara kumi na tano ni 180. Chupa ya dawa ya maji imeandikwa miligramu 120 katika mililita 5. Basi mtoto anapewa mililita 7.5. Hesabu hii hata mtoto wa darasa la saba anaiweza.

Sasa chukueni insulini ya kawaida, ambayo mililita moja ina yuniti 100. Mgonjwa ameandikiwa yuniti 10, yaani sehemu moja ya kumi ya mililita. Atakayekosea nukta akavuta mililita nzima, atakuwa amempa mgonjwa dawa mara kumi, na mgonjwa huyo anaweza asiamke. Ndiyo maana dawa za aina hiyo huhesabiwa na watu wawili, kila mmoja peke yake, kisha tunalinganisha majibu. Hata muuguzi wa miaka ishirini kazini anahakikiwa, wala haoni kuwa amedharauliwa.

Ushauri wetu wa kwanza unatoka hapo: jibu ulilolipata lipime kabla hujalitoa. Andika vipimo pamoja na namba, kilo, miligramu, sekunde, katika kila mstari, kwa sababu vipimo vikikataa kuoana, hesabu imeharibika mahali. Kabla ya kubonyeza kikokotoo, kadiria kichwani. Dripu ya mililita 1000 inatakiwa iishe kwa saa 8, na mpira wake hutoa matone 20 kwa kila mililita. Jibu ni matone kama 42 kwa dakika. Ukipata 420, kikokotoo hakitakwambia kitu, lakini wewe ujiulize: nani ataweza kuhesabu matone saba kwa sekunde moja? Mwanafunzi wa fizikia au uhandisi naye afanye hivyo hivyo. Ukikokotoa mwendo wa gari ukapata kilomita elfu tatu kwa saa, usigeuze ukurasa.

Ushauri wa pili ni kuhusu mkono. Shuleni mwalimu hufanya mfano mmoja, nanyi mnafanya maswali kumi yanayofanana nao. Chuoni mhadhiri humaliza kwa saa moja mambo ambayo shuleni yangechukua wiki nzima, na swali la mtihani halifanani na mfano. Wengi hukaa na daftari, wakausoma mfano mpaka mwisho, wakasema, "Nimeelewa." Hapo bado. Funika daftari, chukua karatasi tupu, ufanye upya kuanzia mwanzo. Pale utakapokwama ndipo penye somo lako la siku hiyo. Sisi hakuna aliyejua kutafuta mshipa wa damu kwa kumtazama mwenzake akiutafuta.

Wanafunzi wa nyumbani wana neno lao, desa: makaratasi ya maswali na majibu yanayorithishwa mwaka hadi mwaka. Siku hizi zimeongezeka programu za simu zinazotoa jibu kabla hujamaliza kuuliza. Havina ubaya vikija baada ya jasho lako. Vikitangulia, vinakunyima kujua pale ulipokwama. Na mkisoma kwa vikundi, kila mmoja aje na jaribio lake limeandikwa, hata kama halikufika mwisho. Kikundi ambacho mmoja anakokotoa na wanne wananakili kina mwanafunzi mmoja tu.

Ushauri wa tatu ni kuuliza, na hapa tunaye mtu wetu wa kumtolea mfano. Mwaka 1963, mwanafunzi wa kidato cha tatu aitwaye Erasto Mpemba alikuwa Shule ya Sekondari Magamba, huko Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa na sukari, unayaacha yapoe, ndipo unayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inakwisha, Mpemba akayaweka yake yakiwa ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake yaliyowekwa baridi. Alipomuuliza mwalimu, aliambiwa amechanganyikiwa.

Mpemba hakulitupa swali. Akiwa Mkwawa, Iringa, akaja Dk. Denis Osborne kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza tena, na wenzake wakamcheka. Lakini Osborne aliporudi Dar es Salaam alilijaribu jambo lile kwenye maabara, na mwaka 1969 wawili hao walichapisha makala katika jarida la *Physics Education*. Leo wanasayansi duniani wanaliita jambo hilo kwa jina la Mpemba, na mpaka sasa wanabishana: wapo wanaosema linatokea, wapo wanaosema halithibitiki, na sababu yake bado haijaafikiwa.

Tazameni wawili hawa walivyofanya. Mwanafunzi aliamini macho yake, akavumilia kuchekwa. Mwanachuoni hakusema ndiyo wala hapana mpaka alipopima. Chuoni mtakuta mihadhara ya watu mia mbili, na mtaona haya kunyoosha mkono. Basi mfuateni mhadhiri baada ya kipindi, nendeni kwenye semina, nendeni na karatasi yenu inayoonyesha mlipofika. Anayeuliza "sielewi" anapewa pole. Anayeuliza "nimefika mstari wa tatu, kwa nini hapa alama imegeuka?" anapewa jibu.

Kuna jambo la lugha pia. Nyinyi mliolelewa hapa mna Kiswahili cha nyumbani, Kiarabu cha mtaani na Kiingereza cha vitabu. Msione kuwa ni mzigo. Neno aljebra, ambalo Wazungu wanalitumia, limetoka kwenye Kiarabu *al-jabr*, katika kitabu cha Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi alichokiandika Baghdad katika karne ya 9. Ukisoma kanuni kwa Kiingereza, jaribu kumweleza mdogo wako kwa Kiswahili. Ukishindwa, mara nyingi ni kwa sababu ulikariri maneno tu na maana yenyewe hujaishika.

Sasa tunawageukia wazazi, kwa heshima zote. Kuna mzazi anayepanga foleni Batha baada ya kazi kutuma ada. Mtoto yuko Dar es Salaam, Kampala au India. Muhula wa kwanza anashindwa kalkulasi. Anapata sapu, na anaogopa kusema, kwa sababu anajua hela ile imetoka wapi na ukoo mzima umeshaambiwa kuwa yeye ni daktari mtarajiwa. Ananyamaza, muhula wa pili unaharibika, na habari inapofika hapa ameshadisko. Tumeyaona haya katika familia zetu zaidi ya mara moja. Sapu moja si msiba. Kinachomaliza mtoto ni kubaki nayo peke yake.

Kwa hiyo, akina baba na akina mama, mkipiga simu msiulize alama tu. Ulizeni, "Wiki hii umekwama wapi, na umemwendea nani?" Swali hilo mnaweza kuliuliza hata kama hamkusoma kalkulasi. Na mtoto anayependa mimea au ramani msimlazimishe udaktari. Nanyi vijana, mambo yakiharibika, semeni mapema, wiki ya tatu, kabla ya mtihani. Hodini kazini tunafundishwa kuwa mgonjwa akibadilika unaita msaada mapema, na hakuna anayekucheka ukiita kabla ya wakati.

Mwisho, tukumbuke siku hii. Chuo kikuu chetu cha Dar es Salaam kilifunguliwa Oktoba 1961, wiki chache kabla ya bendera kupandishwa usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba. Kilianza na kitivo kimoja tu, cha sheria. Shule ya udaktari ilikuja baadaye, na kitivo cha sayansi baada yake. Nchi ilikuwa huru tayari, lakini wa kuchanganya dawa, wa kupima madaraja na wa kukagua maji ilibidi wasomeshwe mmoja mmoja. Bado kazi hiyo haijaisha, na zamu inayofuata ni yenu.

Mwenyezi Mungu awafungulie, na awarudishe kwetu salama.