Spea za Umeme kwa Swichi Zilizoacha Kutengenezwa

Mada iliyotolewa Usevya na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya waganga wafawidhi, wahasibu na watunza vifaa wa vituo



Nimepewa nusu saa nizungumzie kifaa ambacho wengi wenu hamjawahi kukitazama. Kila kituo chetu chenye kompyuta zaidi ya tatu kina swichi ya mtandao, yaani kile kisanduku chenye matundu mengi kinachounganisha dirisha la mapokezi, maabara, dawa na uhasibu. Ndani yake, au nyuma yake, kuna pawa saplai. Kazi yake ni kupokea umeme wa TANESCO wa volti 230 na kuutoa ukiwa mdogo na umetulia, kwa kawaida volti 12 au chini ya hapo. Hicho ndicho kinachokufa mara nyingi. Swichi yenyewe huwa nzima, lakini bila umeme ni bati tu.

Kikifa, mgonjwa aliyetoka kijijini alfajiri husimama dirishani akiwa na kadi yake ya bima, na hakuna wa kuihakiki. Madai ya mwezi hayatumwi kwa wakati, na fedha za dawa zinachelewa. Tangu ipitishwe Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, ni wazi kwamba utegemezi huu utaongezeka. Kwa hiyo suala hili si la fundi peke yake. Ni la mganga na mhasibu pia.

Kwa nini vifaa hivi vinakufa

Ndani ya pawa saplai kuna vikopo vidogo viitwavyo kapasita, vyenye majimaji ndani. Joto huyakausha. Mafundi wana kanuni rahisi: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita hupungua takribani nusu. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105 inaweza kufika saa kama 32,000 ikifanya kazi kwa nyuzi 65. Hiyo ni miaka mitatu na nusu hivi bila kuzimwa. Ikifanya kazi kwa nyuzi 75, itaishi nusu ya hapo. Sasa fikirini swichi iliyofungiwa kabatini, chini ya bati, hapa bondeni, feni yake ikiwa imejaa vumbi la kiangazi.

Jambo la pili ni umeme wenyewe. Mkoa wetu wa Katavi, uliozaliwa mwaka 2012 kutoka Rukwa, kwa miaka mingi ulitegemea jenereta za dizeli mjini Mpanda. Vituo vingi vina jenereta zao na sola. Kila tunapohama kutoka umeme mmoja kwenda mwingine kuna mshtuko, na msimu wa mvua unaongeza radi. Kununua spea bila kuweka stebilaiza na waya wa ardhini ni sawa na kutibu kuhara huku familia ikiendelea kunywa maji ya dimbwi.

Kwa nini spea zimekuwa adimu

Swichi nyingi tulizo nazo zililetwa na wafadhili au zilinunuliwa zikiwa zimetumika. Kiwanda hutangaza tarehe ya mwisho ya kuuza na tarehe ya mwisho ya kuhudumia. Chukueni mfano wa Cisco Catalyst 3750-X. Iliacha kuuzwa mwishoni mwa Oktoba 2016, na huduma ya kiwanda ikakoma mwishoni mwa Oktoba 2021. Tangu hapo, pawa saplai yake haipatikani kwa wakala kama bidhaa mpya ya kawaida. Tunabaki na soko la vilivyotumika.

Katika soko hilo, kitu cha kwanza ni namba, wala si sura. Pawa saplai za 3750-X na ndugu yake 3560-X huanza na herufi C3KX-PWR. Zile za mashine zilizofuata, 3850 na 9300, huanza na PWR-C1. Kwa mbali zinafanana, na hata wati ni zile zile, 350, 715 na 1100, lakini haziingiliani. Kituo kimoja kiliagiza kwa kusema tu "ya Cisco, wati 715". Kilicholetwa hakikuingia, muuzaji akakataa kukirudisha, na kituo kikakaa wiki tatu kikiandika kwa mkono. Toeni kifaa kilichokufa, kipigeni picha upande wa lebo, halafu tumeni picha hiyo kwa muuzaji. Naye atume picha ya lebo ya kile anachouza, kabla hamjalipa.

Kitu cha pili ni wati. Swichi ikiwa inalisha simu za mezani au kamera kwa kebo ya mtandao, hesabu hubadilika. Kwa kiwango cha mwaka 2003, tundu moja huweza kutoa hadi wati 15.4. Matundu 24 ni karibu wati 370, na hapo bado hujailisha swichi yenyewe. Ukiweka pawa saplai ya wati 350 mahali pa 715, swichi inaweza kuwaka, lakini simu na kamera zikakosa umeme.

Kwa swichi ndogo zenye adapta ya nje mambo ni mepesi. Angalieni mambo manne: volti ziwe zile zile, ampea ziwe sawa au zaidi, chanya na hasi ziwe upande ule ule, na kichwa cha waya kiingie bila kulegea. Hizi hata duka la simu la Mpanda linaweza kuwa nazo.

Tutafute wapi

Kwanza, tuanze nyumbani. Swichi iliyokufa ubongo inaweza kuwa na pawa saplai nzima. Asitupe mtu kifaa chochote kabla hatujakiorodhesha. Pili, tuulizie benki, vyuo na mashirika yanayobadilisha vifaa. Wanapoondoa swichi 20 za aina moja, nyingi huwa nzima, na huuzwa kwa zabuni.

Tatu, kuna wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, na kwa wenye ndugu Nairobi, barabara ya Luthuli. Hapo kuna vizuri na kuna feki. Dai risiti, dai kuona kifaa kikiwaka, na mkubaliane kwa maandishi siku za kurudisha. Kifaa cha mtumba kiwashwe kikiwa kimebeba mzigo kwa saa 24 kabla ya kukiamini. Kuwaka kwa dakika tano si ushahidi, kwa kuwa kapasita iliyochoka huweza kuwaka asubuhi ikiwa baridi na kuzima mchana ikipata moto.

Nne, ni marafiki wetu wa Ulaya. Hapa nawaomba tuwe wakweli kwao. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2012 inataka kifaa kilichotumika kinachosafirishwa nje kiwe kimepimwa na kina karatasi inayoonyesha kinafanya kazi. Aidha, kuanzia tarehe 1 Januari 2025, Mkataba wa Basel unataka nchi inayopokea itoe ridhaa kabla ya taka yoyote ya kielektroniki kuvuka mpaka. Kwa hiyo tusipokee sanduku la "vitu mchanganyiko, huenda vikafaa". Tuwaandikie namba kamili, idadi kamili, na tuombe karatasi ya kipimo. Mgeni akileta pawa saplai mbili kwenye begi, ziandikwe na zitangazwe forodhani kama sheria inavyotaka.

Tano, ni matengenezo. Fundi mzuri wa redio anaweza kubadilisha kapasita zilizovimba kwa gharama ndogo. Lakini nasisitiza: fundi mwenye ujuzi. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa ndani hufikia karibu volti 325, na kapasita kubwa huweza kuushikilia hata baada ya kuchomoa waya. Mtunza vifaa asifungue.

Tununue spea au swichi mpya?

Hapa wahasibu wataniuliza, na wana haki. Pawa saplai mpya hairudishi huduma ya kiwanda. Swichi iliyoachwa haipati tena marekebisho ya usalama, hivyo ibaki ndani ya jengo, nyuma ya ruta inayohudumiwa, isiangaliane na intaneti moja kwa moja.

Napendekeza kanuni hii. Kama spea pamoja na usafiri na ushuru inazidi nusu ya bei ya swichi mpya inayotosha kazi hiyo, tusinunue spea. Kama pawa saplai imejengwa ndani na haichomoki, kama ilivyo kwa Catalyst 2960 ya kawaida, tujaribu fundi mara moja, kisha tubadilishe swichi nzima. Spea inalipa pale ambapo pawa saplai inachomoka na vituo kadhaa vina aina moja. Vituo sita vyenye aina moja vinaweza kutunziwa spea mbili Mpanda, zikapelekwa kwa basi la kwanza. Vituo sita vyenye aina sita vinahitaji spea sita, na fedha hizo hatuna.

Vilevile 3750-X ina nafasi mbili za pawa saplai, na mara nyingi tumepewa ikiwa na moja. Ukiongeza ya pili, ya kwanza ikifa kazi inaendelea, na unaweza kuibadilisha bila kuzima swichi. Kwa kituo chenye wagonjwa wengi, huko ndiko spea inakofaa kukaa: ndani ya mashine, ikifanya kazi.

Zile za kabatini nazo zisisahauliwe. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini kapasita huchoka hata ikiwa imelala. Kila miezi sita spea iwashwe kwa saa kadhaa, na tarehe iandikwe juu yake.

Mwisho, ndugu zangu, ni suala la bajeti. Miradi yetu mingi ina fungu la vifaa na la uzinduzi, lakini haina fungu la spea. Mfadhili hawezi kulipia tusichomwomba. Kuanzia maandiko ya mradi yanayofuata, ofisi yangu haitapitisha ombi la swichi lisilo na mambo matatu: tarehe ya mwisho ya huduma ya kiwanda, spea angalau moja, na kinga ya umeme.

Kabla ya kuondoka leo, kila kituo kichukue fomu mlangoni. Andikeni aina ya swichi, namba ya lebo ya pawa saplai, mwaka mlioipata, na kama inachomoka. Nikipata fomu zote mwishoni mwa mwezi huu, tutajua ni spea ngapi za kununua, na ni swichi zipi za kuaga kwa heshima.

 Nakaribisha maswali.