Kuhama Nyumba: Kipi Hubaki, Kipi Huondoka



Tumeombwa kuzungumza nanyi kuhusu kuhama nyumba, nasi tungependa kuanza na mita, si na gari la mizigo. Gari hupatikana. Yanayowasumbua watu baada ya kuhama, kwa jinsi tunavyoyasikia, si kabati lililovunjika njiani. Ni fedha iliyotumwa kwenye mita isiyo yao, au deni ambalo mpangaji mpya amelikuta likimsubiri.

Chanzo ni kimoja. Mita ya LUKU haimjui mtu, inaijua nyumba. Uniti ulizokwisha kuingiza hubaki pale pale unapoondoka. Kwa hiyo katika wiki mbili za mwisho nunua umeme kidogo kidogo, na zikisalia nyingi, ziandikwe katika makabidhiano pamoja na funguo na ile rimoti ya mita, ambayo watu huipakia kwa bahati mbaya pamoja na rimoti ya televisheni.

Kisha kuna simu. Wengi wamehifadhi namba ya mita katika huduma ya fedha kwa jina la “nyumbani”. Jioni ya kwanza, giza limeingia na watoto wamechoka, unalibonyeza jina lile. Zinarudi tarakimu 20, unaziingiza, mita inazikataa. Mita haina ubovu wowote. Tarakimu zile zimetengenezwa kwa mita moja tu, nayo iko katika nyumba uliyoiaga asubuhi. Ifute namba ya zamani kabla hujatoka mlangoni. Kama kosa limekwisha kutokea, tarakimu hizo bado zinafaa kule zilikotakiwa. Mtumie aliyeingia, muelewane kuhusu fedha.

Gumu zaidi ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 kodi hii hukatwa mtu anaponunua umeme, na tangu Julai 2023 kiwango ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa katika miji. Nyumba ikikaa tupu miezi minane bila mtu kununua umeme, kodi haisimami. Fedha ya kwanza itakayoingia itakutana na malimbikizo ya shilingi 12,000, na huenda ni wewe uliyeitoa, ukiwa umebakiwa na noti mbili baada ya kumlipa dalali. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba, si mpangaji. Lakini mita haiulizi nani amenunua.

Ndiyo maana tunashauri jambo ambalo wenye nyumba wengine hawalipendi: kabla hujalipa kodi ya miezi sita, nunua umeme wa shilingi elfu chache kwa mita ya nyumba unayoitaka, uziingize tarakimu mwenyewe, na usome stakabadhi mstari kwa mstari. Makato yakiwa makubwa, mwenye nyumba ayalipe au yapunguzwe katika kodi yako, kwa maandishi. Jaribio hilo litakuonyesha pia kama mita inapokea. Mita zote zilitakiwa kuboreshwa kabla ya tarehe 24 Novemba 2024, kwa makundi matatu ya tarakimu 20, na nyumba iliyokuwa imefungwa wakati ule yaweza kuwa ilisahauliwa.

Kwa maji, piga picha mita siku ya kutoka na siku ya kuingia, na udai kuonyeshwa ankara ya mwisho. Mgogoro ukizuka, anza kwa mtoa huduma. Usiporidhika, peleka malalamiko EWURA, ukiwa na picha na stakabadhi zako.

Gari sasa. Iwe kirikuu au kenta, bei ielezwe kama inajumuisha kupakia, kushusha na kupanda ngazi. Ugomvi mwingi huanzia ngazi ya pili. Jokofu lisafiri limesimama, na lipumzike saa kadhaa kabla ya kuwashwa. Mtungi wa gesi ufungwe, utenganishwe na jiko, usimamishwe na kufungwa kamba katika sehemu iliyo wazi ya gari, kamwe usiwe ndani pamoja na abiria.

Na paka. Wapo watakaocheka kwamba mamlaka inazungumzia paka, lakini familia nyingi humpoteza wiki ile ile ya kuhama. Yeye naye, kama mita, ameshikamana na nyumba. Kuta, mlango na ua amezitia harufu yake, na kwa harufu hiyo hujua kwamba yuko salama. Ukimfungulia mlango siku ya kwanza mahali pageni, hutoka kutafuta kule anakokufahamu, akikatiza barabara asizozijua.

Kabla ya kusaini mkataba, uliza kama paka anaruhusiwa, na jibu liandikwe. Hakikisha amepata chanjo ya kichaa cha mbwa, maana ugonjwa huo humpata paka pia na humfikia binadamu kwa kung’atwa. Kama mnahamia mkoa mwingine, tuseme kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, mwone mapema afisa mifugo kuhusu cheti cha chanjo na kibali cha kumsafirisha.

Siku yenyewe, mfungie katika chumba kimoja kabla wapakiaji hawajafika. Paka hupotea milango ikiwa wazi na watu wakipiga kelele. Asipewe mlo mzito kabla ya safari. Tenga la kuku lenye kifuniko kilichofungwa vizuri linatosha, likiwa na tambara analolalia, ambalo halijafuliwa. Kumtia katika gunia ni ukatili, na joto laweza kumuua. Akae na watu, si juu ya mizigo wala katika buti ya gari.

Mkifika, chumba kimoja tena: maji, chakula, beseni la mchanga, tambara lile lile. Kwa binadamu tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa paka siku hizo ni chache. Akianza kula vizuri na kujilamba, mfungulie vyumba vingine, lakini asitoke nje kwa wiki mbili au tatu. Siku ya kumtoa mara ya kwanza, mtoeni akiwa na njaa, muda mfupi kabla ya chakula chake, na anayemlisha kila siku asimame mlangoni na sahani.

Tunapokea maswali.